Koti la Mavuno

Singe, Babati
14 Agosti 2022

Mpendwa wifi yangu, Mama Theophil,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya. Ukitaka kujua hali zetu, huku tunaendelea vizuri, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo limegoma kupanda kilima cha kwenda kanisani. Kila Jumapili nalibembeleza kama mtoto asiyetaka shule. Tunu na wanawe wanakusalimu sana. Mahindi mwaka huu si haba, na mbaazi bado ziko shambani.

Utashangaa kuona barua zama hizi. Nimekupigia simu mpaka nimechoka. Inaita, kisha inakatwa. Nikasema haya, simu wifi anaikata, barua ataikataje. Mzee Sadallah mwenye duka la vyombo pale stendi ana mpwa wake anayeendesha basi la kupita Kahama, naye ndiye atakayekuletea barua hii, na ndiye aliyetuambia kwamba anakula chakula kwako. Nilifurahi kusikia uko hai, halafu nikakasirika. Wewe ni dada wa marehemu mume wangu, halafu habari zako naletewa na dereva.

Tangu uondoke kwenye mtaa wetu wa kanisa mwaka jana baada ya mavuno, ukaenda kwenye hema la yule mhubiri wa miujiza, Mtumishi, kule Nangara, mengi yamebadilika. Kwaya ilikufuata yote, maana wewe ndiye uliyekuwa mwalimu wao. Mwezi wa pili hema likang'olewa, Mtumishi akahamia huko Kahama nawe ukaenda naye. Lakini wale uliowaacha nyuma hawakurudi kwetu. Wanaona aibu. Jumapili asubuhi wanafua nguo, na nikipita na Biblia yangu wanainamia beseni kama hawajaniona.

Kanisani tumebaki Mzee Margwe, mwinjilisti na mkewe, watoto wachache na mimi. Mnada wa sadaka ndio umekuwa kichekesho. Unakumbuka ibada ikiisha tulivyokuwa tunatoka nje, Mzee Margwe anainua kuku au kikapu cha mayai kilichotolewa madhabahuni, halafu mimi na wewe tunapandishiana bei mpaka watu wanashika mbavu, na kanisa linapata hela ya mabati. Siku hizi natoa mtetea wangu mweupe, Mzee Margwe anamnadi, anazungusha macho kushoto na kulia, na hakuna anayetaja bei ila mimi. Namnunua, narudi naye nyumbani. Jumapili inayofuata nampeleka tena. Kuku huyo amehudhuria ibada nyingi kuliko baadhi ya wazee wa kanisa. Mzee Sadallah amesikia habari hiyo na hanipi nafasi ya kupumua. Anasema Mama Tunu, wewe na Mungu wako mnauziana kuku mmoja.

Nacheka, wifi, lakini jioni nikikaa peke yangu sicheki. Sijui Mtumishi alikuambia nini hata ukaacha kanisa lililokubatiza bila kuniaga. Mimi bado niko pale pale. Nafasi yako kwenye benchi iko wazi, na hakuna anayeikalia kwa sababu siruhusu.

Nijibu, hata kama ni kunigombeza.

Wifi yako,
Mama Tunu


Kahama
20 Novemba 2022

Wifi Mama Tunu,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Mimi ni mzima, wasiwasi ni kwako na hilo goti.

Barua yako niliipata tangu mwezi wa tisa. Nilikuwa na kazi nyingi, ndiyo maana sikujibu. Napika wali na maharage hapa stendi, wateja wapo, sishindi njaa. Nimepanga chumba kwa mama mmoja mtu wa Tabora ambaye hana maneno mengi, na hilo ndilo ninalolitaka kwa sasa.

Naomba usiniandikie tena habari za kanisa. Mimi sadaka yangu ya mwisho nilishatoa nanyi mliipokea, yakaisha. Kama unapenda kuniandikia, niandikie habari za kaburi la mwanangu. Mvua zimeanza na nawaza lisije likatitia upande ule wa mfereji. Waambie wajukuu zako walitazame, nitawashukuru.

Msalimie Tunu.

Wifi yako,
Mama Theophil


Singe, Babati
15 Januari 2023

Mpendwa wifi,

Bwana Yesu asifiwe. Marahaba. Nashukuru kusikia kwamba unakula na unalala. Sisi tumevuka mwaka salama, goti ni lile lile.

Naanza na uliloniuliza. Kaburi la Theophil lilikuwa limetitia kidogo kama ulivyohofia. Wana wa Tunu wamejaza udongo, tumepanga mawe upande wa mfereji, na mimi nimepanda yale maua ya njano uliyokuwa nayo mlangoni kwako. Yameshika. Kuhusu hilo usiwe na wasiwasi tena.

Sasa niruhusu nikugombeze kidogo. Nimeisoma barua yako mbele na nyuma nikitafuta "Bwana Yesu asifiwe", sikuiona. Wewe uliyekuwa unaisema mpaka kwa ng'ombe zizini. Mimi nilikusalimu nayo, na mtu akisalimiwa hivyo hujibu amina, hata kama amekasirika na aliyemsalimu. Hukujibu.

Nadhani unafikiri mimi nimebaki kanisani kwa sababu sikuumia. Theophil ulimzaa wewe, lakini utotoni kitandani kwangu alilala, na uji wangu alikunywa. Pikipiki yake ilipogongwa kwenye barabara ya Singida, mimi na wewe tulifunga pamoja, tukaomba pamoja, muda wote aliolala pale hospitali. Alipokata roho nilirudi nyumbani nikamwambia Mungu maneno ambayo siyaandiki hapa. Jumapili nikaenda kanisani na hasira yangu, nikakaa nayo kwenye benchi. Sikuwa na mahali pengine pa kuipeleka. Mpaka leo sijajibiwa kwa nini kijana yule aondoke na mimi mwenye goti bovu nibaki. Ila tunaposali Sala ya Bwana na wale watoto, sauti zetu chache zikigonga bati, nasikia kwamba yupo anayetusikiliza. Siwezi kukueleza zaidi ya hapo. Nikimwacha Yeye sina kwingine.

Wanakwaya wako walikuja kunichukua enzi zile za hema. Waliniahidi kwamba goti lingepona. Niliwaambia goti hili ni la Kilutheri, kama ni kuuma litauma hapa hapa. Walicheka, nami nikacheka, wakaenda zao. Nilipofunga mlango nililia, maana nilitamani kwenda. Peke yako ni vigumu, wifi, usidanganywe na mtu.

Jambo jingine. Koti la Theophil ninalo, lile nililoshinda mnadani siku ya mavuno. Nilikuletea jioni ile ile, ukakataa kufungua mlango. Nikarudi kesho yake, hukufungua. Lipo kwenye sanduku langu, nimelitia vipande vya sabuni lisiliwe na nondo. Ukija utalikuta.

Wifi yako akupendaye,
Mama Tunu


Kahama
2 Aprili 2023

Wifi,

Shikamoo. Mimi ni mzima.

Barua yako niliisoma nikaiweka chini ya godoro, na tangu hapo nimeshindwa kulala vizuri juu yake. Kumbe hujui. Mwaka mzima na zaidi nimekuchukia nikiamini kwamba unajua.

Basi nikueleze. Mwaka ule sikulima, msimu wote nilikuwa hospitalini namgeuza mwanangu kitandani. Sikukuu ya mavuno ikafika, kila mtu ana gunia au debe lake la kumtolea Mungu, mimi nina mikono mitupu. Nikachukua koti lake, lile zito la kuendeshea pikipiki, lenye mkono niliouziba kwa uzi mwekundu. Nikalipeleka madhabahuni kama zao langu. Nilikuwa nimeuza sufuria langu kubwa la shughuli ili nipate hela ya kulikomboa mnadani. Nilitaka kumtoa mwanangu kwa Mungu kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiari, maana mara ya kwanza alichukuliwa bila kuulizwa. Halafu nirudi nyumbani na koti. Ndivyo nilivyopanga moyoni, na sikumwambia mtu kwa sababu nilidhani hakuna ambaye asingeelewa.

Mzee Margwe akalinadi. Nikataja bei. Wewe ukaongeza. Nikakutazama, ukanitazama, ukacheka ukaongeza tena, kama siku ya kuku. Watu wakaanza kushangilia kwamba mawifi wameanza. Nikafika mwisho wa hela yangu yote, nawe ukataja juu yangu. Mzee Margwe akahesabu mpaka tatu, na wanawake wakapiga vigelegele. Vigelegele, wifi, kwa koti la mwanangu.

Wiki ile Mtumishi alikuja nyumbani kwangu. Alikaa chini kwenye mkeka akalia pamoja nami. Kati yenu ninyi hakuna aliyelia siku ile. Ndiyo maana nilimfuata, wala si kwa miujiza. Baadaye alikuja kuniambia kwamba Theophil angepona kama ningekuwa na imani. Hilo nalo nilikubali, nikalibeba mpaka huku. Sasa nimeacha kwenda kwake. Sina kwake na sina kwenu. Siombi. Asubuhi nikienda sokoni napita nje ya kanisa moja, wakati mwingine kwaya inafanya mazoezi, nasikia wimbo niliokuwa nawafundisha wale wanangu wa Singe. Naongeza mwendo.

Usiniambie nirudi. Ninajua utaratibu. Aliyeondoka husimama mbele ya usharika akaomba kupokelewa. Nitasimama vipi mimi niliyeondoka na kwaya nzima, na wengine mpaka leo hawana pa kusali kwa sababu yangu? Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata koti. Mimi nilikuwa na sababu, wao walinifuata tu.

Asante kwa maua.

Mama Theophil


Singe, Babati
20 Agosti 2023

Mpendwa wifi yangu,

Bwana Yesu asifiwe. Naomba Mungu barua hii ikukute salama. Sisi tuko salama.

Najua nimechelewa kujibu. Kila nilipokaa kuandika niliandika kujitetea, nikasoma, nikachana. Nilitaka kukueleza kwamba nililinunua lile koti ili nikurudishie, kanisa lipate hela yake na wewe upate koti lako bila kutoa chochote. Na hilo ni kweli, Mungu anajua. Lakini wewe ungejuaje? Niliuona uso wako, wifi. Niliuona kabisa nikadhani unaigiza kama siku zote, ili tuwachekeshe watu. Nilikuwa nimekuzoea mno.

Nisamehe. Sina neno jingine na sitaki kulipamba hili.

Watu hapa wananisifu kwamba nimesimama imara wakati wengine walipoondoka. Hata mchungaji alipokuja kwa ajili ya ushirika mtakatifu alinitaja mbele ya watoto wale. Zamani nilipenda sifa hiyo. Tangu nisome barua yako inanichoma. Ni kweli nilisimama, lakini nilikuwa nimesimama juu ya mguu wako, na nilipokusikia ukilia nikafikiri ni shetani anakusumbua.

Sasa nikusimulie ya leo, maana leo ndiyo ilikuwa sikukuu yetu ya mavuno. Nilitoa debe la mahindi, na juu yake nikaweka koti la Theophil. Ibada ilipoisha tukatoka nje. Mzee Margwe akanadi mahindi, akafika kwenye koti, akaliinua, akaona ule uzi mwekundu. Alilitambua. Akauliza kwa sauti ya chini nani anaanza.

Nikataja ile bei yako, ile ya mwisho uliyoishia siku ile. Nikasema hiyo ni ya Mama Theophil.

Mzee Margwe akasema mtu asiyekuwepo hanunui. Nikamwambia huyu yupo, amechelewa tu, na benchi lake linajulikana. Alifikiri kidogo. Unamjua, sikio moja limekufa lakini kichwa bado kinafanya kazi. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza kama anavyoniuliza kila Jumapili kwa miaka yote hii:

"Mama Tunu, unaongeza?"

Nilinyamaza. Wifi, mdomo wangu unaujua, hauna breki, lakini nilinyamaza. Akahesabu moja. Akanitazama. Akahesabu mbili. Watoto hata hawakujua tunafanya nini. Akahesabu tatu, akasema koti ni la Mama Theophil. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mzee Margwe alivua kofia, na mimi nililia pale pale mbele ya watu, nikamlilia mwanao kama nilivyotakiwa kumlilia mwaka ule.

Koti silitumi kwa dereva. Aliyeshinda mnadani huja kuchukua mwenyewe. Hela nilitaka kukulipia, Mzee Margwe akakataa. Alisema nikilipa mimi nitakuwa nimelinunua tena mimi. Nikaona ana haki. Kwa hiyo inasubiriwa kutoka kwako, na namba ya simu ya mwinjilisti nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Huyu ni mpya, amekuja mwaka huu, hakujui, wala hana habari ya mambo yetu.

Na huo usharika unaouogopa nikutajie ni nani. Ni mzee mwenye sikio moja, mwinjilisti asiyekujua, mkewe anayenyonyesha, watoto ambao wanataka tu mtu wa kuwafundisha nyimbo, na mimi. Ukisimama mbele yetu, wa kukunyooshea kidole ni mimi peke yangu, na mimi nitakuwa nimesimama kando yako nikiomba kupokelewa pamoja nawe.

Wale wanakwaya niachie mimi. Jumapili ijayo nikiwakuta kwenye mabeseni sitapita. Nitainama tufue wote, halafu ndipo niwaulize.

Wifi yako,
Mama Tunu


Singe, Babati
17 Desemba 2023

Mpendwa wifi yangu, Mama Theophil,

Bwana Yesu asifiwe. Hujambo na kazi? Sisi hatujambo. Mvua ni nyingi na njia ya kanisani imekuwa utelezi mtupu, watoto ndio wananishika mkono kupanda.

Nilisubiri barua yako mpaka Mzee Sadallah akaacha kunitania. Nikipita dukani kwake sasa anatikisa kichwa kabla sijauliza. Nilianza kuwaza kwamba nimekuumiza tena.

Wiki iliyopita mwinjilisti akanifuata na simu yake, anashangaa. Ameingiziwa hela kutoka kwa mtu asiyemjua, na baadaye ujumbe mfupi. Akaniomba nimsomee kama naelewa. Ulikuwa umeandika: "Hela ya koti. Amina."

Yeye alidhani hiyo amina ni ya kumalizia tu. Sikumweleza. Nilimrudishia simu yake, nikaenda nyuma ya kanisa peke yangu. Nilikusalimu tangu mwaka jana, wifi, nawe umeniitikia.

Koti ni lako sasa bila ubishi. Nimelitoa sandukuni, nikaomba ruhusa, tumepigilia msumari ukutani mwisho wa benchi letu, linaning'inia pale. Watoto waliuliza la nani. Niliwaambia ni la mwalimu wa kwaya. Wakauliza atakuja lini, nikasema mimi sijui, na ni kweli sijui. Wanakwaya wako wawili wamerudi, wanakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Waliliona koti, wakainamisha vichwa, lakini Jumapili iliyofuata walikuja tena.

Hukusema kwamba utakuja, nami sitakuuliza tena. Nimekuuliza vya kutosha. Kaburi tutaendelea kulitazama.

Mtetea mweupe alikufa kwa mdondo mwezi uliopita, sasa natoa mwanawe, jogoo mwenye kelele anayeyajibu mahubiri. Leo Mzee Margwe amemwinua kama kawaida akauliza nani anaanza. Zamani nilikuwa najibu papo hapo ili twende nyumbani. Siku hizi nasubiri kidogo, huenda yupo mtu barabarani anayetaka kutaja kabla yangu.

Wifi yako,
Mama Tunu